Gurudumu la Kushoto

Mama alikuwa anamenya ndizi kwenye kiti cha mbele wakati gurudumu la kushoto lilipovunjika chini yetu. Tulikuwa tumeshapita alama ya ikweta pale Kikorongo, magharibi mwa Uganda, tunakaribia Katunguru, jua linazama upande wa Kongo. Niliona matuta mbele, nikakanyaga breki huku usukani umepinda kidogo. Ukatoka mlio mmoja, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Usukani ukaniponyoka, pua ya gari ikalala kushoto, chuma kikaanza kukwaruza lami. Tulisimama baada ya hatua chache. Ndizi ilikuwa sakafuni na Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kimya kabisa.

Mwendo wangu ulikuwa chini ya kilomita 30 kwa saa. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa kwenye 80, barabara imenyooka, trela lenye mzigo linakuja kutoka upande wa pili. Miaka miwili imepita na hesabu hiyo ya dakika tano bado hunijia usiku.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye gari la umri kama la kwangu, ambaye wiki hii anasikia kitu kinagonga chini na ameambiwa, "Hiyo ni kawaida ya gari kuukuu." Nami niliambiwa hivyo, nikaridhika kwa miezi minne.

Gari lenyewe ni Toyota Corona Premio la mwaka 1998. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu hapa Kasese aliyekuwa anastaafu, naye alilinunua kwa mtu mwingine. Tangu 2018 sheria imekataza kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, lakini haiyagusi yale yaliyokwisha kuwa barabarani. Haya tuliyo nayo tutayatumia mpaka yatushinde, maana mshahara wa mwalimu haufiki kwenye mengine. Kwa hiyo mtu anayeniambia "nunua gari jipya" hajanisaidia kitu. Anayenifundisha kulisikiliza hili nililo nalo, huyo namshukuru.

Barabara ya kutoka Kasese kwenda mpakani Mpondwe ni lami. Ila nyumbani kwa Mama ni juu ya Bwera, kwenye vilima, na kutoka lami mpaka uani kwake ni njia ya udongo mwekundu na mawe. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Nilikuwa napanda njia hiyo kila mwisho wa wiki, na huko ndiko nilikoanza kusikia kugonga: ko, ko, ko, upande wa mbele kushoto, kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo dogo kwa mwendo wa polepole. Kwenye lami kelele zilikwisha, nami nikasahau.

Gereji ya kwanza niliyokwenda iko mjini. Kijana aliyekuwepo alilizungusha gari mtaa mmoja, akarudi, akalala chini, akatikisa kijiti fulani cha chuma kwa mkono. "Linki ya stabilaiza, Madamu. Imekwisha." Akanionyesha, na kweli ilikuwa inacheza. Kile kijiti kinaunganisha shokapu na ile fimbo ndefu inayozuia gari lisilale upande kwenye kona, na vichwa vyake vikilegea hupiga kelele nyingi. Nikalipa shilingi 45,000 za kipuri na 10,000 za kazi. Kelele zikapungua. Baada ya wiki mbili zikarudi. Akasema ile ya kwanza ilikuwa feki, akafunga nyingine, nikalipa tena. Zikapungua, zikarudi. Safari ya tatu sikwenda. Nikaongeza sauti ya redio.

Kulikuwa na dalili nyingine. Nikikata usukani gari likiwa limesimama, kitu kililia kama mlango wa mbao usiotiwa mafuta. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani, la kulia liko sawa. Nikifunga breki, gari lilivuta kushoto kidogo. Kila dalili nilikuwa nimeipatia maelezo yake: mlio ni uzee wa usukani, tairi ni barabara mbaya, kuvuta ni breki. Hakuna siku niliyoziweka zote tatu mezani pamoja na kule kugonga nikauliza kama ni ugonjwa mmoja. Na ajabu ni kwamba darasani kila siku nawaambia wanafunzi wasome aya nzima kabla ya kujibu swali.

Siku ile Mama alikuwa na miadi ya macho Mbarara asubuhi ya kesho yake. Alikuwa ameisubiri tangu Januari. Alikuja kwa teksi kutoka Bwera hadi njia panda ya Kikorongo, nikamchukua hapo baada ya vipindi vya mchana, ili tulale Mbarara kwa shangazi.

Barabara hiyo inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Tembo na nyati huvuka wanapotaka, hasa jioni, na ukiharibikiwa huko huwezi kushuka ukaanza kuzunguka gari kama uko mjini. Nilifungua mlango wangu, upande wa barabara, nikainama kuangalia. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala kwa nje kama mguu uliovunjika nyonga. Madigadi ilikuwa imekaa juu ya tairi. Grisi nyeusi ilikuwa imemwagika kwenye lami. Sikujua jina la kilichovunjika, ila nilijua jeki yangu haiwezi kitu.

Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa lori la simenti lililotoka Hima. Kabla hajasema salamu alimwambia utingo wake akate matawi ayapange barabarani nyuma yetu na mbele yetu, akaegesha lori lake nyuma ya gari langu taa zikiwaka. Kisha akaja dirishani kwa Mama.

"Shikamoo, Mama. Msishuke upande wa kichaka. Mtakuja kukaa kwenye kabini yangu, tupite upande huu wa barabara."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe safari yako?"

"Simenti haiozi, Mama."

Alikaa nasi zaidi ya saa mbili. Nilimpigia simu mwenye brekidauni Kasese, akataja shilingi 250,000, nikakubali bila kubishana kwa sababu giza lilikuwa limeshaingia. Huko kwenye mfereji wa Kazinga viboko walikuwa wanaguna, na mara moja tulisikia matawi yakivunjika karibu, kitu kizito kikipita, kisha kimya. Mama alikuwa anasali kwa Kikonzo. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba nilisikia. Gari liliniambia kwa miezi minne nami nikawasha redio.

Brekidauni ilipofika ilitubidi kuinua mbele yote, maana gurudumu lile halikuweza kuviringika. Yule dereva wa lori alikataa pesa niliyompa. Aliniomba nikipata fundi nimwambie aangalie na upande wa kulia. "Vinazeeka pamoja hivyo," alisema, akaondoka.

Gari halikurudi kwenye gereji ya mwanzo. Mwalimu mkuu wetu alinielekeza kwa mzee mmoja nyuma ya mji, barabara ya kupanda Kilembe. Huyu alianza kazi akiwa kijana kwenye karakana ya mgodi wa shaba, kabla shaba haijasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama wazee wengi wa mgodini, Kiswahili chake ni cha wazi na hakina haraka. Gereji yake ni mabati manne na sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Hiyo sakafu ndiyo iliyonituliza moyo.

Hakugusa spana kwanza. Aliniuliza maswali: lilianza kugonga lini, kwenye shimo dogo au kubwa, wakati wa kukata kona au wakati wa kwenda moja kwa moja, na usukani unalia likiwa limesimama? Nikamjibu yote. Akatikisa kichwa, akaniita nisogee.

"Mwalimu, kunja ngumi. Sasa ifunike kwa kiganja cha mkono wa pili. Zungusha ngumi humo ndani. Hiyo ndiyo boljointi."

Alinionyesha kile kilichobaki. Mkono wa chini, yaani kile chuma kinachotoka kwenye fremu kwenda kwenye gurudumu, mwisho wake una kikombe, na ndani ya kikombe kuna mpira wa chuma wenye mkia unaoingia kwenye gurudumu. Ndiyo maana gurudumu linaweza kupanda, kushuka na kugeuka kwa pamoja. Kikombe kinajazwa grisi na kuzibwa na kifuko cha mpira. Cha kwangu kifuko kilikuwa kimechanika, na kwa jinsi kingo zake zilivyokauka, alisema kilichanika muda mrefu uliopita. Humo ndani hapakuwa na grisi hata tone. Palikuwa na uji mkavu wa udongo mwekundu, ule ule wa njia ya kwa Mama. Vumbi liliingia, maji yakafuata, grisi ikatoka, chuma kikasaga chuma kama jiwe la kusagia, mpaka mdomo wa kikombe ukawa mpana kuliko mpira wake. Siku ile ulichomoka tu.

Nilimuuliza kwa nini lilisubiri mpaka nifunge breki. Akaniambia uzito wa gari hili hauketi juu ya boljointi. Unaketi juu ya springi na shokapu. Kazi ya boljointi ni kuzuia mguu wa gurudumu usitoroke. Ukikanyaga breki, gurudumu linataka kubaki nyuma, mwili wa gari unataka kwenda mbele, na wote wawili wanavutana hapo hapo. Ukiongeza na kukata kona, mvuto unaongezeka. Kwa hiyo mara nyingi huachia kwenye breki au kwenye kona, na mara nyingi kwa mwendo mdogo. "Lakini si lazima," alisema. Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi.

Halafu nikamwambia habari ya linki mbili. Nilitegemea amtukane yule kijana. Hakumtukana. Alisema linki huenda kweli ilikuwa mbovu, na ndiyo iliyokuwa na kelele kubwa. Kilichofuata nakikumbuka neno kwa neno: "Linki ikikatika, utafika nyumbani na kelele. Boljointi ikikatika, hufiki." Kijana alibadilisha kinachopiga kelele, akaona kelele zimepungua, akafunga kazi. Angeitoa ile linki kabisa akaendesha gari polepole mtaa mmoja bila hiyo, angesikia ko ko bado ipo, na angejua mgonjwa ni mwingine. Ni jaribio la dakika ishirini. Sikujua lipo, wala sikujua naweza kuliomba.

Tukahamia upande wa kulia, ule ambao ulikuwa haujasema lolote. Aliinua gari, akaweka stendi chini yake (jeki peke yake haiaminiki, usiingize hata mkono), akachukua mtaimbo mfupi, akauchomeka kati ya mkono wa chini na chuma kinachobeba gurudumu, akasukuma kidogo. "Weka kidole hapa." Nikaweka pale kiungo kilipo. Kila aliposukuma nilisikia pigo dogo, tik, chini ya ngozi. Kiungo kizima hakina pigo hilo. Upande wa kulia nao ulikuwa njiani.

Akanifundisha jingine la kufanya bila mtaimbo. Gari likiwa chini, injini inawaka, mtu mmoja akate usukani kushoto na kulia polepole huku mwingine amepapasa springi ya mbele kwa kiganja. Ukisikia mkwaruzo au mruko kwenye kiganja, kuna kiungo kikavu hapo. Tena gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ni boljointi au beringi. Lishike kushoto na kulia; likicheza, angalia viungo vya usukani. Haya mambo hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu anayekubali kujilaza chini, na gauni la kazi ninalo.

Sasa vipuri. Kasese vilikuwepo vya mtumba tu kwa siku hiyo, vimetolewa kwenye magari yaliyochinjwa. Mzee alikuwa na msimamo ambao nimeuchukua kama wangu. Kwa mlango, taa, kiti, hata shafti (ule mhimili unaozungusha gurudumu), mtumba mzuri haumpi shida, kwa sababu vikiharibika utakwama tu. Kipuri ambacho kikiachia gurudumu linaondoka, hicho anataka kipya, na hafungi vinginevyo hata umbembeleze. Boljointi ya mtumba ina umri wa gari ilikotoka, na kifuko chake kimeshakaa miaka ishirini juani.

Nikampigia kaka yangu Kampala. Aende soko la Kisekka, lile lililopewa jina la Dkt. Samson Kisekka aliyekuwa Waziri Mkuu, ambako ukikosa kipuri cha Toyota ujue umekitaja vibaya. Nilimtumia picha ya kibati chenye namba ya chasisi, kile kilicho ndani ya boneti, na picha ya boljointi ya zamani ikiwa imelazwa juu ya rula. Mzee alisema jina la gari pekee halitoshi, kwa sababu Premio za miaka ile zina injini tofauti na vipuri vyake vinapishana. Kaka alikuta bei tatu kwa kitu kinachofanana. Ya chini ilikuwa imo kwenye boksi lenye maandishi mazuri. Fundi akaomba simu.

"Kijana wangu, hujambo? Itoe kwenye boksi. Shika ule mkia wake, uuzungushe kwa vidole viwili. Unakwenda?"

"Unakwenda wenyewe, Mzee."

"Rudisha. Chukua nyingine. Mpya inatakiwa ikukatae, uisukume kwa nguvu ya mkono. Kisha binya kifuko chake. Kimelainika au kinavunjika kama ganda?"

Alizungukia maduka manne namna hiyo. Aliyopata mwisho ilikuwa shilingi 70,000 moja, akanunua mbili, za pande zote. Kifurushi kilikuja na basi la usiku.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima, na nilikaa pale nikiangalia kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Shafti ya kushoto ilikuwa imevutwa hadi vile vigurudumu vyake vitatu vya ndani vikatoka kwenye kikombe chake na kuharibika, kwa hiyo tulifunga ya mtumba. Mikono miwili ya chini aliilaza sambamba kwenye saruji kulinganisha kama wa kushoto umepinda. Haukupinda. Bushi zake, ile mipira inayoushikilia mkono kwenye fremu, zilikuwa zimepasuka, akaweka mpya.

Mambo mawili ya ufungaji nataka mtu ayajue, kwa kuwa mteja anaweza kuyaona kwa macho yake. La kwanza ni ile nati ya boljointi yenye meno kama taji. Baada ya kukazwa, inapitishiwa pini katikati ya meno na ncha za pini zinakunjwa. Pini hiyo ndiyo inayozuia nati kufunguka kwa mitikisiko. Mzee alitumia pini mpya, ya zamani akaitupa, akaniita nione ilivyokunjwa. Mtu akikuambia "imekaza sana haina haja ya pini," mwambie aweke.

La pili lilimpata mwanafunzi wake. Kijana alikuwa amekaza bolti za bushi za mkono wa chini gari likiwa bado limeinuliwa, magurudumu yananing'inia. Mzee akamwambia afungue zote. Kijana akashangaa, nami pia. Bushi ni mpira uliogandamana na chuma. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka mpira unajisokota na kubaki umejisokota kila dakika ya maisha yake, na baada ya miezi michache unapasuka. Zinaingizwa kwa mkono tu, gari linashushwa likae kwa uzito wake, linasukumwa juu chini mara kadhaa, ndipo zinakazwa. Ilibidi kijana alale chini kabisa, nafasi haba, akichubuka vidole. Alizikaza. Bushi zile bado nzima hadi leo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: brekidauni 250,000, boljointi mbili 140,000, shafti 180,000, bushi 60,000, tairi jipya 230,000 maana la zamani madigadi ililichana, kunyoosha madigadi 80,000, kazi 120,000, na alaimenti (kusawazisha mwelekeo wa magurudumu) niliyokwenda kufanya Mbarara 40,000. Jumla shilingi 1,100,000. Ile boljointi peke yake, ingebadilishwa siku ya kwanza nilipokwenda gereji, ingenigharimu kama 100,000 pamoja na kazi. Kwa linki mbili nilikuwa nimeshalipa 110,000.

Alaimenti watu wengi huiruka wakiona gari linakwenda sawa. Usiiruke. Ukishagusa mkono wa chini, gurudumu halitazami tena pale lilipokuwa linatazama, na tairi jipya linaweza kulika upande mmoja kabla hujamaliza kulipa deni la kulinunua.

Mama alikosa miadi yake. Tulipata nyingine baada ya wiki sita, na wiki hizo jicho lake la kulia lilizidi kufifia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, jicho lingefifia hata hivyo, na upasuaji ukaenda vizuri. Nashukuru. Hata hivyo, wiki sita za kumwona anapapasa kikombe chake cha chai zilinikaa, na sitajifanya kwamba hazikutokana na mimi kuongeza sauti ya redio.

Safari ile ya pili kwenda Mbarara alipanda mbele kama kawaida. Tulipopita Kikorongo alizima redio yeye mwenyewe.

"Linagonga?" akauliza.

"Haligongi, Mama."

"Ngoja nisikilize."

Alisikiliza mpaka tukavuka daraja la Katunguru. Siku hizi ni yeye anayesikia kabla yangu. Mwaka jana aliniambia kuna kitu kinapiga "kama kijiko ndani ya sufuria" upande wa nyuma, na kumbe ilikuwa nati ya shokapu imelegea.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi natandika mkeka uani, nageuza usukani upande mmoja mpaka mwisho ili gurudumu lifunguke, nalala, naingiza mkono nyuma yake nipapase vifuko vya mpira, kulia na kushoto. Natafuta ufa au grisi iliyotoka. Haichukui robo saa. Kila nikitoka kwa Mama msimu wa mvua nakosha chini pia, maana tope likikaukia kwenye vifuko linavila.

Muhula uliopita mwalimu mgeni wa hesabu alifika shuleni na Carina ya zamani. Nilikuwa kivulini nasahihisha madaftari, yeye anageuza gari uwanjani ili aondoke, nikausikia ule mlio wa mlango wa mbao. Nikaacha madaftari, nikamwomba asimame, akate usukani kushoto, kisha kulia, polepole. Niliweka kiganja kwenye springi yake. Ikaruka mkononi mwangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwalimu mwenzangu, unaishi wapi?"

"Maliba."

"Leo utakwenda kwa boda," nikamwambia. "Gari liache hapa. Fundi nitamleta mimi kesho asubuhi."

Alinitazama kwa muda, akaangalia kiganja changu chenye vumbi, akazima injini.